Kulia kwa Nani

Shemeji Barasa,

Sijui barua kwa mtu aliyeenda ulikoenda hupitia wapi. Naiandika tu, nikimaliza nitaiweka ndani ya boksi la spana zako ambalo dada yangu Ndinda amenipa. Wacha nianze na habari za nyumbani, maana nikianza na gari utasema Musyoka hajui hata kuuliza hali. Mkeo yuko salama. Amehamia Kayole kwa binti yenu Nekesa, kwa sababu laini yenu ya nyumba hapa Makongeni imevunjwa, tunaambiwa kutajengwa ghorofa. Upande wangu haujaguswa bado. Nachonga kule kule Majengo, vifaru na twiga, na watalii bado wanapenda twiga kuliko vifaru. Kanisani kiti chako amekikalia mzee mmoja anayeimba kwa sauti kubwa kukushinda na vibaya kukushinda, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Sasa gari. Gari linaenda, Barasa.

Hilo ndilo nililokaa chini kukuandikia. Nataka pia kukueleza lilivyofikia hatua ya kwenda, kwa sababu kuna jambo ulilifanya ukiwa mgonjwa bila kuniambia, na mimi nikafanya langu wewe ukiwa umeshaenda, na tukaharibiana kazi kama kawaida yetu.

Nakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa Jumapili kwenu, baada ya ibada, Nekesa akatuonyesha kwenye simu kigari cha rimoti kinachopanda mawe. Kilikuwa kinapanda polepole, gurudumu moja linatafuta pa kushika, halafu lingine, kinainama hadi unadhani kimeanguka, kumbe kinajipanga. Mimi niliona mchezo wa watoto nikarudi kwa mandazi yangu. Wewe uliishika simu. Ukaomba irudiwe, ukaomba tena, chai ikapoa mkononi. Umetengeneza injini za reli maisha yako yote, halafu ukastaafu ukawa unazibia majirani mabomba yanayovuja, na siku hiyo nilikuona umeamka. Ukaniambia, "Shemeji, hii tunaweza." Hukuniuliza kama nataka.

Na mimi nikakufuata sokoni Gikomba, mtu mzima na mvi zangu, kuchakura vyuma vilivyokufa. Wale wauzaji walidhani tunafungua duka. Mota tuliitoa kwa drili ya kuchaji ambayo mwenyewe aliitupa, kwa sababu ulisema drili haina haraka, ina nguvu. Gia tulizitoa kwa grinda mbili zilizoungua. Ulinifungulia moja ukanionyesha gia ndogo na gia kubwa zinavyokutana kwenye kona, ukasema ekseli ya gari haitaki zaidi ya hapo. Kimota cha kugeuza usukani kilitoka kwa ndege ya kuchezea iliyovunjika mabawa. Matairi tuliyapata, lakini yalikuwa laini yanakunjika, basi ukakata sponji kutoka pembeni mwa godoro la wageni ukayajaza. Ndinda alijua siku binamu yetu alipolala pale akaamka amepinda shingo. Kwa vijana wa pancha pale Jogoo Road tuliomba vile vipande vizito vya madini ya risasi wanavyogonga kwenye rimu, tukavigundisha ndani ya magurudumu ya mbele ili yashike chini. Na rimoti ilikuwa ya gari la mtoto fulani, imefutika maandishi yote, tukawa tunabonyeza kwa kukumbuka.

Nilikuwa nakulalamikia kwamba gari letu ni zito na halina mbio. Vijana wa mtaani nao wakakuuliza, "Buda, hii ndinga yenu imelala ama?" Ulinigeukia mimi ukasema, "Gari ya mawe haikimbii, inafikiria." Nimekuwa nikiitumia hiyo kwa kila anayeniharakisha kazi yake. Sisemi ni yako.

Bodi ulitaka iwe ya Landrova. Nikakubali mbele yako, halafu nikaenda Majengo nikachukua mti wa jakaranda na mkono ukachonga unachokijua. Nilipokuletea gari lenye uso wa kifaru, pembe na macho na kila kitu, ulilizunguka ukiwa umeweka mikono mgongoni kama mkaguzi. Ulinuna kidogo, halafu ukaweka kidole kwenye pembe ukakiacha hapo. Nilijua umelipenda.

Uso huo ndio ulioleta vita vyetu.

Tuligawana kazi, wewe ekseli ya nyuma na mimi ya mbele, kila mtu kwake. Maagizo yalikuwa yako: ekseli ya mbele, gia kubwa ikae kulia, ekseli ya nyuma, ikae kushoto. Zikikaa hivyo zinapishana, na magurudumu yote manne yanaenda mbele. Zikikaa upande mmoja, ya mbele yanavuta huku na ya nyuma yanavuta kule. Nilielewa vizuri sana. Nikaenda nikaweka gari mezani kama ninavyoweka kifaru chochote, uso wake ukinitazama, nikaweka gia kulia. Kulia kwangu. Halafu nikaifunika kwa kasha la mbao nililolichonga na nikaligundisha kwa gundi ile isiyoomba radhi.

Siku tuliyounganisha, ukawasha. Magurudumu ya mbele yakaenda mbele, ya nyuma yakarudi nyuma. Gari likabaki palepale mezani linatetemeka, kama mbuzi anayevutwa na watu wawili. Ulilizima. Ukaliinua ukaangalia tumboni, ukaniangalia mimi, ukaliangalia tena. Ukaniuliza kwa upole ule wako wa kunichokoza, "Shemeji, kwani kulia ni wapi?"

Nikakuonyesha mkono wangu wa kulia. Ukasema kulia kwa gari ni kulia kwa dereva, umekaa ndani unaangalia mbele. Nikakuambia gari hili halina dereva, lina uso, na mtu akiwa na uso unamtazama usoni. Ukasema hata huyo mtu mkono wake wa kulia hauko upande wangu wa kulia. Hapo ulinishika, nakubali, lakini sikukubali wakati huo. Nikasema mimi nachonga ninachoona. Ukasema reli ingekuwa na watu kama mimi, treni ya Mombasa ingefika Kisumu. Tukaendelea hivyo hadi Ndinda akatuondolea sahani za muthokoi wake wa mahindi na maharagwe tukiwa hatujamaliza.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: mmoja wetu ageuze yake. Yeyote. Gari halikujali ni nani. Wewe ulisema aliyekosea ndiye afungue. Mimi nikasema yako ina nati nne tu unafungua na spana, yangu imegundishwa, nikiifungua nitapasua mbao, kwa hivyo mwenye rahisi ndiye afungue. Mtaa ukagawanyika. Makanga wote wa matatu pale stendi walikuwa wako. Mama anayeuza mboga alikuwa wangu, lakini nadhani ni kwa sababu ni Mkamba mwenzangu. Hatimaye ukafungua nati, ukaitoa ekseli yako ya nyuma, ukaifunga kwa taulo ukaenda nayo nyumbani, eti hadi nitakapopata akili. Nikabaki na nusu ya gari juu ya kabati.

Halafu kifua kikakushika.

Nilikuja kukuona, unajua. Nilikuwa nakuja karibu kila nilipotoka Majengo. Tuliongea habari za mpira, za shamba lako Bungoma, za jirani anayefuga kuku bafuni. Ekseli hatukuitaja. Wewe ulikuwa na kiburi chako na mimi changu, na nadhani sote tulikuwa tunakifurahia, maana watu huwa hawagombani na mtu wanayedhani anakufa. Kugombana kulikuwa kama kusema bado kuna wakati. Mara ya mwisho, ukiwa tayari wodini, nikiwa nimesimama kuaga, ukaniuliza, "Umefungua yako?"

Nikasema bado.

Ukasema, "Basi usifungue."

Nilitoka pale nimekasirika, Barasa. Nilidhani umesusa. Nilidhani unaniambia baki na kichwa chako kigumu, na nikajisemea njiani sawa, nitabaki nacho. Hatukuonana tena ukiwa unaongea.

Tulikuzika kwenu Bungoma, ukaimbiwa vizuri kuliko ulivyowahi kuimba. Watu walilia. Nekesa alilia hadi akashikwa. Mimi sikulia, nikawa najishangaa, nikahesabiwa kuwa mwanamume imara na wazee wenu ambao hawanijui. Sikuwa imara. Nilikuwa nasubiri uniambie kitu, kwa sababu tangu ulipomwoa dada yangu sijawahi kwenda mahali pa watu wengi bila wewe kunisemea pembeni nani ni nani na nani si wa kuaminiwa.

Tuliporudi Nairobi, gari likakaa kabatini. Nilifunika uso wake na kitambaa kwa sababu lilikuwa linanitazama. Halafu nyumba zenu zikaanza kuvunjwa, na Ndinda alipokuwa anahama akapitia kwangu na boksi la spana na ile taulo, ekseli yako ikiwa ndani. Akaniwekea mkononi, akaniangalia, akaenda zake. Nilikaa nayo. Nati zako zilikuwa zimekazwa na kupakwa grisi safi, moja sawa na nyingine. Nikasema hii sitaigusa. Hii ni kazi ya mkono wake. Anayegeuza ni mimi.

Usicheke. Niliamua kwa moyo wote. Nilikwenda Majengo na ekseli yangu ya mbele, nikachukua patasi nyembamba, nikaanza kupasua gundi yangu mwenyewe. Wenzangu waliuliza kifaru gani hicho kinachopasuliwa. Kasha lilivunjika kama nilivyosema litavunjika. Nikageuza gia, nikaiweka kulia, safari hii kichwani mwangu nikiwa nimekaa ndani ya gari, kama dereva, kama ulivyotaka. Nikachonga kasha jipya. Wakati nachonga nilikuwa nakusemesha, nakuambia umeshinda, haya, umefurahi? Ilikuwa tamu, kushindwa huko. Nilijisikia mtu mwema.

Nikaunganisha ya mbele. Nikaunganisha ya nyuma bila kuifungua. Nikawasha.

Mbele yakaenda mbele. Nyuma yakarudi nyuma. Gari likatetemeka palepale.

Kwanza nililaumu waya. Nikabadilisha waya za mota, magurudumu yakabadilisha mwelekeo yote, bado yakivutana. Nikalaumu rimoti. Nikakulaumu wewe, kwa sauti, jikoni, mke wangu akaja kuangalia. Mwishowe sikuwa na lingine. Nikachukua spana yako nikafungua nati zako nne, huku nikikuomba samahani kwa kila moja, nikainua kifuniko.

Gia yako haikuwa kushoto. Ilikuwa kulia.

Niliangalia muda mrefu kabla sijaelewa. Kwenye chuma kulikuwa na alama ya zamani ya kushoto, pale ilipokaa mwanzo, imeng'aa kwa kusuguliwa. Ulikuwa umeihamisha. Umeigeuza wewe mwenyewe, ili iende na kosa langu. Na mimi nimegeuza yangu iende na usahihi wako. Zote mbili zimekaa kulia, Barasa, na hapo ndipo nilipolia. Lugha yetu hii nayo, ilishindwa nini kuutafutia huo mkono jina lingine.

Nilimpigia Ndinda. Akaniambia. Kabla hujapelekwa hospitali, ukiwa bado nyumbani, ulimwomba taulo ile na spana. Ukakaa kitandani ukafungua, ukapaka shuka grisi, naye akakugombeza kwamba mgonjwa gani huyu. Alitaka kukushikia, ukakataa. Ukamwambia, "Huyu ndugu yako kichwa ngumu. Wacha nigeuze yangu, tusizeekee hapa." Na ulipomaliza kukaza nati ya mwisho ukamwambia, "Lakini usimwambie. Wacha awashe aone inaenda, ajue alikuwa sawa."

Dada yangu akatimiza. Alipoileta ile taulo aliniangalia, nikadhani ni huzuni. Kumbe alikuwa anasubiri niwashe. Sikumwambia kwamba ninataka kugeuza yangu, naye hakujua kwamba wawili wakigeuza ni sawa na hakuna aliyegeuza.

Na mimi ndipo nikalisikia sawasawa lile neno lako la wodini. Basi usifungue. Hukuwa umesusa. Ulikuwa unalinda kazi yako nisije nikaiharibu kwa wema.

Sasa nikawa na gari limefunguliwa mezani na shauri ambalo sikuwa na wewe wa kubishana naye juu yake. Nikirudisha yako kushoto, gari litakuwa kama ulivyoliagiza tangu mwanzo: mbele kulia, nyuma kushoto, na mtu yeyote wa reli akiangalia tumboni atasema fundi aliyepanga hii alijua kazi. Ndivyo ulivyostahili. Lakini nitakuwa nimeiondoa kazi ya mwisho uliyoifanya kwa mkono wako, uliyoifanya ukiwa mgonjwa kitandani, na uliyonifanyia mimi. Nikirudisha yangu, itabidi gari litembee milele na kosa langu, na wewe uonekane ndiye uliyepanga mambo kinyume. Niliwaza siku nyingi. Nilikwenda Kayole kumuuliza Ndinda, akasema hayo ni yenu wawili, akanipa muthokoi.

Nilirudisha yangu. Kifuniko chako nimekifunga kama nilivyokikuta, nati zote nne, grisi sikuongeza. Kasha langu jipya nikalipasua pia, gundi ile ile, na nikachonga la tatu. Sasa nina ujuzi wa kuchonga makasha ambao hakuna mtalii atakayeuhitaji.

Tulilipeleka kwenye kifusi cha laini yenu, mimi na Ndinda, mchana, kabla lori halijaja kukizoa. Mawe, vipande vya sakafu, nondo zimechomoza. Pale mlango wenu ulipokuwa, bado kulikuwa na ile ngazi ya saruji uliyoijenga mwenyewe, imelalia ubavu. Nikaliweka gari chini ya rundo. Likaanza kupanda, polepole, gurudumu moja likipapasa, sponji ya godoro ikijikunja na kurudi. Kwenye tofali moja liliinama mpaka Ndinda akanishika mkono. Likafikiria. Likapita. Lilipofika juu ya ngazi yako nililisimamisha, nikashindwa kulirudisha, tukakaa tu tukilitazama na uso wake wa kifaru ukitazama upande wa reli.

Waliokuwa wakipita walisimama. Mmoja wa wale makanga waliokuwa upande wako alinitambua akauliza, mzee, mwishowe nani alikuwa sawa, wewe ama marehemu? Ndinda akaniangalia aone nitasemaje. Ulikuwa umenipangia jibu lako tayari, shemeji, gari lenyewe lilikuwa linatembea kwa jibu hilo, na ningeligeuza tumbo juu ningeonyesha gia zote zimekaa kama nilivyosema mimi. Nikamwambia, "Yeye ndiye alikuwa sawa. Mimi nilishika kulia ya uongo." Akacheka, akaenda kuwatangazia wenzake stendi.

Ndinda anakusalimia. Anasema shuka lile halikutoka grisi na hatalitupa. Nakuahidi nitamwangalia, nitakuwa naenda Kayole kila Jumapili, na gari nalo nitakuwa naenda nalo, kwa sababu Nekesa ana mtoto anayekuja na nataka alijue. Nakuahidi pia kwamba nati zako hazitafunguliwa na mtu yeyote nikiwa hai, hata gari likilala kabisa.

Na tumboni mwa kifaru, palipokuwa patupu, nimechonga neno moja kwa herufi kubwa. Nilikaa nyuma yake, nikatazama mbele, nikahakikisha mara mbili. KULIA. Nimelichonga upande wako.

Lala salama, shemeji.

Wako,
Musyoka